Mtu mbele, -ia nyuma: vile utasema kitendo umemfanyia nani

Mwezi uliopita ndugu yangu aliyeko Nairobi alimwandikia mama meseji, "mama zile pesa nimetumia", basi, hakuongeza neno. Mama akaisoma, akairudia, akaniita jikoni mikono yangu imejaa unga wa mahamri akanambia hebu nisomee wewe, huyu kijana pesa zangu za gesi kazitumia alafu ananiandikia hivi hivi bila haya? Mimi nilijua ametuma, ila ile meseji ya kuthibitisha ilikuwa haijaingia na mama ashakasirika, simu ya mwanawe hakuipokea mpaka baada ya magharibi. Angeandika "nimekutumia" kusingekuwa na neno lolote, ni hiyo -ku- tu iliyokosekana hapo katikati.

Manake kuna kutumia mbili. Kuna kutumia ya kukitumia kitu mpaka kiishe, na kuna tuma iliyoongezwa -ia ikawa tumia, yaani kumpelekea mtu kitu. Kwa umbo ni moja, kinachozitenganisha ni yule mtu aliyekaa ndani. Nimetumia pesa, zimekwisha. Nimekutumia pesa, angalia simu yako.

Nafundisha tuisheni jioni huku Majengo na hili jambo naliona kila siku, watoto wanaijua kauli ya kutendea, yaani hiyo -ia ya kufanyiwa mtu, kwa jina, kwa mtihani wanainyambua vizuri tu, lakini wakiongea au wakichati inaanguka, na watu wazima waliokuja pwani kwa kazi nao wananiuliza hivo hivo. Kwa hivo leo naeleza lote polepole vile ninavowaeleza wao.

Kanuni yangu ni hii: mtu mbele, -ia nyuma. Ukitaka kusema kitendo kina mtu wa kufaidika nacho, huyo mtu anaingia ndani ya kitenzi, anakaa mbele ya mzizi kabisa, na nyuma ya mzizi unaweka -ia au -ea. Chukua "nimekupikia" uikate vipande. Ni- ni mimi, -me- ishafanyika, -ku- ni wewe, -pik- ndio kazi yenyewe, -i- ndio inayosema kazi hii ina mwenyewe, na -a ya kumalizia. Yote hayo neno moja. Mwengereza hapo anahitaji kineno chake "for" kisimame peke yake pembeni, sisi tunamkaribisha mtu ndani.

Na hivo viwili vinakwenda pamoja. Ukiweka -ia ukasahau mtu, unapata balaa la pesa za gesi. Ukiweka mtu ukasahau -ia ndio mbaya zaidi, kwa sababu yule mtu anakuwa ndiye anayefanywa. Siku moja nilikuwa Markiti nanunua viungo, pembeni yangu kuna dada mgeni wa mji, anamwambia muuzaji kwa adabu zote, "nipime bizari ya pilau robo". Mzee wa watu akamtazama, akatazama mizani, akamwambia mwanangu wewe kwa mizani hii hutoshi, sema nipimie. Nipime ni mimi nipandishwe kwenye mizani. Nipimie ni pima bizari, mimi ndiye nitakayekwenda nayo nyumbani. Dada akasema "nipimie", akapata robo yake na ncha ya ziada juu.

Hizi pande mbili ziseme kwa sauti uzisikie. Nikate, ni kisu na ngozi yangu. Nikatie, ni nusu kilo ya nyama. Nifunge, nitie kamba au nipeleke jela. Nifungie, niwekee kwa karatasi niondoke. Nishike, nisianguke, nishikie, chukua huu mzigo nitafute pesa mfukoni. Nipige, mkono, nipigie, simu. Nakutaka na nakutakia sitaki hata kueleza, ila ukimtumia bosi wako "nakutaka siku njema" utakuwa na kazi kubwa ya kujieleza.

Lakini ile ninayoiona inaleta shida ya kweli ni lipa na lipia, kwa sababu zote mbili ni sahihi na zote ni za pesa. Kwa matatu kondakta akinyoosha mkono ukamwambia rafiki yako "nilipe", wamdai deni, wataka akutie pesa mkononi. "Nilipie" ndio ampe kondakta nauli yako. Sasa ukisema "nimemlipa fundi", pesa anazo fundi. Ukisema "nimemlipia fundi", kuna duka au kinyozi au hoteli mahali imepata pesa na fundi ndiye aliyekula bila kutoa. Kwenye meseji za deni hii herufi moja inaweza kuvunja urafiki, kwa hivo isome tena kabla hujatuma.

Viambishi vya watu wavijua, nipite haraka: ni- mimi, ku- wewe, m- au mw- yeye, tu- sisi, wa- wao. Nyinyi ndio ina mkorogo kidogo, ukisema "nimewaletea" mtu hajui ni nyinyi au ni wao, kwa hivo ongeza -ni mwisho, "nimewaleteeni", itajulikana unaongea na walio mbele yako. Na huyo mtu hata ukimtaja kwa jina usimtoe ndani ya kitenzi. Bara nasikia sana "nimepikia mtoto uji", sikwambii hutaeleweka, utaeleweka, lakini kwa sikio la huku pwani kuna pengo hapo, tunasema nimempikia mtoto uji. Na mtu anatangulia kitu: nimempikia mtoto uji, sio nimempikia uji mtoto.

Sasa -ia au -ea? Tazama irabu ya mwisho ya mzizi. Ikiwa ni a, i au u, weka -ia: kata katia, pika pikia, funga fungia. Ikiwa ni e au o, weka -ea: leta letea, chota chotea, shona shonea. Ukisema "niletie" kila mtu atajua kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hawezi kukueleza ni nini.

Penye mzozo ni vile vitenzi vinavyomaliza kwa irabu mbili, nunua, fungua, pakua, fua, toa, kaa, pokea. Hapa inaingia l. Nunulia, fungulia, pakulia, fulia, tolea, kalia, pokelea. Watoto wananiuliza hiyo l imetoka wapi mwalimu, jibu ni kwamba haikutoka popote, ilikuwapo. Zamani hivi vitenzi vilikuwa na l yake pale mwisho, kitu kama nunula, ikadondoka kwa miaka mingi ya kusemwa, na ukiongeza -ia yule l anarudi nyumbani kwake. Na hata hiyo -ia yenyewe ilikuwa na konsonanti yake, kwa ndugu zetu wa lugha nyengine za Kibantu bado ipo, Mkikuyu anapika kwa ruga na kumpikia mtu ni rugĩra, Malawi kwa Kichewa ni phika na phikira, Wazulu pheka na phekela. Mimi nikiona hivi nafurahi sana, kutoka Kenya mpaka Afrika Kusini watu wanafikiri kwa njia moja, kwamba ukipika lazima ujue wampikia nani.

Nikiwa mdogo nyumbani kwa bibi kulikuwa na mlango mzito wa mbao, wafungwa kwa komeo ndani, na sisi tukitoka kucheza tunagonga tunapiga kelele "bibi nifungue! nifungue!" Bibi hainuki. Anajibu kutoka ndani kwa sauti ile ile ya kila siku, "kwani nani kakufunga?" Na hafungui mpaka useme nifungulie. Kuna siku mvua yanyesha na mimi nimesimama pale natafuta neno huku maji yanapita mgongoni, nilipolipata silisahau mpaka leo. Nifungue ni nitoe kwenye kamba. Nifungulie ni fungua mlango, mimi ndiye ninayengoja.

Vitenzi vifupi vina yao: la inakuwa lia, nywa nywea, fa fia, ja jia. Vya asili ya Kiarabu vinavyomaliza kwa i au u navyo vinabadilika, salimu ikawa salimia, jibu jibia, haribu haribia, hesabu hesabia. Ukimwambia mtu "nisalimu" wataka akusalimu wewe, ukimwambia "nisalimie nyumbani" anabeba salamu zako mpaka kwa watu wa kwake. Hiyo nisalimie tunaisema kila siku tukiagana na wengi hawajawahi kuifikiria kwamba ni kutendea.

Kuna vitenzi havitaki -ia kwa sababu mtu yumo tayari. Kumpa ni hivo, huwezi kutoa zawadi ya kupa bila ya anayepewa, kwa hivo nimempa, imetosha. Kunyima pia, kuuliza, kufundisha, kuonyesha. Kuambia yenyewe ni kutendea iliyozeeka, imetoka kwa amba, ile ile iliyobaki kwenye kwamba na ambaye. Na saluni tazama vizuri, ukikaa kwenye kiti unasema "nisuke", kwa sababu kichwa kinachosukwa ni chako. Ukimpeleka binti yako ndio unasema "nisukie huyu mtoto", kichwa ni chake, faida na bili ni zako.

Jambo jengine, kitenzi cha Kiswahili kina kiti kimoja tu cha mtendwa mbele ya mzizi. Kinyarwanda kinaruhusu wakae zaidi ya mmoja, sisi hapana. Kwa hivo mtu na kitu wakigombania kile kiti, mtu ndiye anayekaa. Nimekuchotea maji, vizuri. Huwezi kusema nimeyakuchotea. Ukitaka kuyashika maji kwa neno lake unazunguka, "maji niliyokuchotea", au unayaweka mbele, "yale maji nimekuchotea". Wanafunzi wa sekondari hapa ndio penu pa alama: kwenye "mama alimpikia mtoto wali kwa sufuria", mtoto ndiye shamirisho kitondo, wali kipozi, sufuria ala. Kitondo ndiye huyu tunayemzungumzia tangu juu, mwenye kufanyiwa. Mkiulizwa kitondo msitafute kile kilichopikwa, tafuteni nani atakayekula.

Sasa usidhani -ia kila mara ni ya kheri. Inachosema kwa kweli ni kwamba jambo limemfikia mtu, liwe zuri liwe baya. Paka kanilia samaki, sikufaidika kitu. Mwizi kaniibia simu. Gari lilituharibikia Mtwapa usiku. Mvua ilitunyeshea tukingoja feri Likoni. "Amenifungia mlango" inaweza kuwa mtu mwema, upepo ulikuwa unavuma na mimi nimelala akanirudishia mlango, na inaweza kuwa ni mtu aliyeniacha nje, na hakuna sarufi itakayokuamulia, utajua kwa maneno yaliyotangulia.

Hapo ndipo kuna neno ambalo mimi naona ndilo zito kuliko yote ya kauli hii. Kufa ni kwa aliyekufa. Kufia ni kile kifo kumfikia mwengine, baba alinifia nikiwa shule ya msingi. Na ukiigeuza upande wa mpokeaji inakuwa kufiwa. Nimefiwa. Kitenzi ni cha kifo lakini anayesimama mbele yake ni aliyebaki hai, jambo limetendeka kwa mtu mwengine na uzito wake umekuja kukaa juu yangu. Ukienda matangani unauliza mfiwa yuko wapi umpe mkono wa pole, na kila mtu anajua wamuulizia nani. Angalia usiichanganye na "alifia hospitali", hapo hakuna mtu kwenye kiti, hiyo -ia ni ya mahali.

Kwa hivo namna ya kuligeuza, umsimamishe mpokeaji mbele: -ia unaiongeza w, inakuwa -iwa au -ewa. Nimepikiwa, umeletewa, tumefunguliwa mlango. Hapa watu wanateleza kwenye wizi. Simu imeibwa, sawa. Mimi nimeibiwa simu, sawa. Lakini "nimeibwa" ni mimi mwenyewe niliyechukuliwa nikapelekwa nisikokujua, usiende kuandikisha ripoti kwa neno hilo. Na vile vitenzi vya l ndivyo vinavyochanganya, kwa sababu "nunuliwa" inafanya kazi mbili: viatu vimenunuliwa, na mtoto kanunuliwa viatu. Umbo ni moja, angalia nani aliye mbele, kitu au mtu.

Matumizi mengine ya -ia nayataja tu usije ukadhani kila -ia ina mtu. Kuna ya kifaa, mbuzi ya kukunia nazi, sabuni ya kufulia, maji ya kuogea. Kuna ya sababu, walilia nini, wamwitia nini mtoto saa hizi. Kuna ya kuelekea, alinijia, kuku kakimbilia kwa jirani. Kuna ile ya kumaliza kabisa, potelea mbali, na mara nyengine inarudufiwa, kutupilia mbali.

Na kuna ya kujifanyia mwenyewe, hii naipenda. Weka ji- pale kwenye kiti. Najipikia, najinunulia, anajitafutia riziki. Alafu sisi tunaipeleka mpaka mahali ambapo faida yenyewe ni utulivu tu, nimejikalia zangu, najiendea zangu, kajinyamazia. Ukisema "nimekaa" ni habari ya kiti. Ukisema "nimejikalia zangu barazani" msikilizaji ashaelewa kwamba hapo ulipo umeridhika na hutaki kusumbuliwa. Na upande wa pili, "umejitakia mwenyewe", hiyo ni ya lawama, usimwambie aliyekwisha kuumia.

Swali ninaloulizwa sana ni je, siwezi kusema tu "kwa ajili yako"? Waweza. Lakini "nimepika chakula kwa ajili yako" inasikika kama tangazo la ofisi, na tena inaeleza sababu kuliko kumkabidhi mtu. Naweza kupika kwa ajili yako na wakala wengine, ulikuwa mgonjwa nikawapikia wageni wako. Nimekupikia, sahani ni yako. "Kwa niaba yako" nayo ni mbali zaidi, hapo nimesimama mahali pako, nimesaini, nimehudhuria, nimepokea tuzo. Ukimwambia mtu "nimekula kwa niaba yako" ujue yeye kalala njaa.

Kwa upande wa adabu, kuna moja ya huku kwetu ambayo vijana wanaiacha na mimi nawaomba waishike. Niwie radhi. Hiyo -wia ni kuwa iliyotiwa -ia, kuwa kwa ajili ya mtu, yaani unamuomba mwenzako awe kwako na radhi. Ndugu yangu, mama alipokubali kupokea simu jioni ile, neno lake la kwanza lilikuwa hilo, "mama niwie radhi, nimekutumia tangu mchana", na meseji ya pesa ikaingia wakiwa bado wanaongea.

Ukitaka kuizoea, usikariri orodha. Fungua simu yako, soma meseji zako za jana, na kila penye kazi iliyofanywa, tena kuna mtu wa kunufaika nayo, tazama kama ana kiti chake ndani na kama -ia ipo nyuma. Zilizoharibika ziandike upya. Hata maneno mapya ya mjini yanaifuata kanuni hii hii bila shida, kwa saiba, kule kwenye kompyuta za kukodi, unasikia niprintie fomu, nichajie simu, nisevie namba yako, hakuna aliyewafundisha, lugha yenyewe inalivuta neno geni ikalifungulia mlango. Alafu jaribu pakua. Mezani "nipakulie" ni pilau, na kijana wa saiba naye ukimwambia "nipakulie" atakushushia faili kutoka kwenye intaneti, kitenzi ni kile kile, l ni ile ile, na aliye kwenye kiti ni wewe.